Mwendo wa Bibi Ndeshi

Mlango ulimkataa mama kwa mara ya tatu siku hiyo.

"Hutambuliki," ulisema, kwa ile sauti yake ya upole kama ya nesi anayekuficha kitu. "Tafadhali rudi nyuma hatua nne, kisha utembee tena."

"Nirudi nyuma na mguu gani?" mama aliuuliza. Mkono mmoja ameshika ukuta, mwingine ameshika kiuno, na mguu wa kushoto ameuning'iniza kama kuku aliyekanyaga mwiba. "Nimekununua mimi. Nimekupaka rangi mimi. Leo hunijui?"

"Hutambuliki."

Nakiete, binti yake, alikuwa anapanda kutoka shuleni. Akaliachia begi palepale njiani, akapita mbele ya mama, akatembea hatua nne za kawaida kuelekea mlangoni. Mlango ukafunguka bila hata neno. Mama akaingia huku anausonya.

Miaka hiyo funguo zilikuwa zimebaki makumbusho na kwenye droo za mabibi. Milango, zahanati, duka la ushirika, hata bomba la maji la mtaa, vyote vilikujua kwa namna unavyokanyaga: uzito unaanzia kisiginoni au vidoleni, bega lipi linatangulia, nyonga inachelewa kiasi gani. Daftari la Mwendo lilikuwa na mwendo wa kila mtu nchini. Watu walilisifu sana, wakasema mwizi ataiba vyote lakini mwendo wa mtu hawezi. Hakuna aliyeuliza itakuwaje mtu akiumwa mguu.

Mama Nakiete aliumwa mwezi wa pili. Alikuwa fundi cherehani, amekaa kwenye kigoda kilekile miaka kumi na tisa. Siku moja akainama kuokota sindano, sindano tu, na kitu kikamkatika kiunoni kama uzi. Maumivu yakatoka kiunoni, yakapita kwenye kalio, yakashuka nyuma ya paja mpaka kidole gumba, utadhani kamwagiwa maji ya pilipili ndani ya mfupa. Daktari wa zahanati alisema ni neva ya siatiki. Pingili ya mgongo imesogea kidogo, inaikanyaga. Hakuna haja ya kisu, alisema, nyumbani panatosha mkiwa na subira.

Basi nyumbani wakafanya yote. Nakiete alikaanga chumvi ya mawe, akaitia kwenye soksi, akaiweka mama kiunoni ikiwa moto. Mama alilala ubavu, mto katikati ya magoti. Kila nusu saa alisimama hata kama alikuwa katikati ya pindo. Maumivu yalipungua usiku, asubuhi yakarudi na ndugu zao.

Na kwenye ukuta kulikuwa na barua ya Daftari. Siku sitini na moja bila kutambulika. Zikifika tisini, jina linafutwa, na mwenye jina anachukuliwa kwenda Nyumba ya Matunzo kule bondeni, ambako milango haifunguki kutokea ndani. Ndiyo sheria. Asiyetambulika ni hatari kwake mwenyewe na kwa wengine.

"Bado ishirini na tisa," alisema Nakiete.

"Usinihesabie siku kama mahindi," mama akamjibu. "Lete ule mkanda."

Mkanda ulitoka zahanati. Unavaliwa kiunoni, chini ya nguo, na ndani yake una vidole vidogo vya umeme, mia moja na arobaini, kila kimoja kikigusa msuli wake. Unachukua mwendo wa mtu mzima asiyeumwa, unauchezea kwenye misuli ya mgonjwa, kama vile kumshika mtoto mkono ukimfundisha kuandika. Ukitembea vizuri siku nyingi, misuli inajifunza kuibeba pingili, na neva inapata nafasi ya kupumua. Mkanda ulikuja na miendo kumi na miwili ya kuchagua. Nakiete alikuwa kidato cha tatu na mikono yake ilipenda vitu vya namna hiyo. Aliuweka mwendo wa kwanza.

Mama akapiga hatua mbili uani, pale kwenye mteremko, akapiga kelele akakamata mgomba.

"Huu mwendo wa nani?"

"Wa mtu wa mjini, mama. Anatembea sakafuni."

"Basi akatembee sakafuni kwao! Huku ni mlima."

Walijaribu yote kumi na miwili. Wenye miendo ile wote walikuwa watu wa sakafuni.

*

Siku ya sitini na nne ndipo Bibi Ndeshi alipoleta sketi yake ibadilishwe zipu.

Alikuwa jirani yao wa juu, mwenye miaka sitini na nane, Mchaga aliyeolewa huku kwa Wapare zamani, akafiwa na mume, akabaki na ng'ombe mmoja. Kila siku alishuka bondeni akakata majani, akayafunga mzigo mkubwa kama paa la kibanda, akajitwika, akapanda. Ukimwona kwa mbali ulidhani kichaka kimechoka kukaa, kinatembea. Shingo haitingishiki. Mgongo umenyooka kama nguzo. Na hakuna aliyewahi kumsikia akisema kiuno kinauma.

"Hodi humu! Mpare bado hajafa?"

"Sijafa, Mchaga wee. Umekuja kupima jeneza?"

"Nimekuja kuangalia nitakachorithi. Hiyo cherehani nimeshaitolea macho."

"Chukua! Kitu cha bure nyie mmekikataa lini?"

"Na nyie kwa ubahili! Mguu unauma miezi miwili, hata jirani hujamgawia!"

Wakacheka wote wawili mpaka mama akashika kiuno. Walikuwa watani, na utani wao ulikuwa wa kweli, ule wa zamani: mtani anakutukana mbele ya wageni, anakuja kwako msibani kudai sufuria, anakamata kuku wako uani ukimwangalia, na wewe unacheka. Nakiete aliwasikiliza kutoka nyuma ya pazia. Yeye hakuweza maneno ya namna hiyo. Alitoka, akasema "Shikamoo, Bibi" kwa sauti ndogo, akapokea sketi, akarudi ndani.

Alipoishika ile sketi mkononi, wazo likamjia.

Kuomba mwendo wa mtu ilikuwa kama kumwomba akupe nyumba yake. Sheria ilikataza. Na hata kama isingekataza, angeanzaje? Bibi, naomba mgongo wako? Alikaa na sketi magotini muda mrefu. Mwisho akafungua pindo la kiunoni, akaweka kisomeo kilichokuja na mkanda, kidude cha kusoma hatua, chenye ukubwa wa punje ya choroko, akalishona pindo vizuri kama mama alivyomfundisha. Mishono haikuonekana. Hilo ndilo lililomuumiza: kwamba aliiba kwa kazi safi namna ile.

Bibi Ndeshi akaichukua sketi, akaivaa, na kwa siku mbili kisomeo kilimletea Nakiete kila hatua yake. Siku ya tatu akauingiza mwendo kwenye mkanda.

"Huu ni wa nani?" mama akauliza.

"Wa... wa mtu wa mlimani."

Mama akasimama, akapiga hatua. Mkanda ukamnyanyua, ukamrusha nyuma, akaangukia kitandani miguu juu.

"Nakiete! Mtu huyu ni mwanasesere?"

Nakiete aliichukua michoro ya kisomeo akaiangalia upya, mstari kwa mstari. Nguvu ya nyayo ilikuwa kubwa mno. Bibi Ndeshi ni mwembamba kama ufito, lakini ardhi ilimwona mzito kwa kilo kumi na nne zaidi. Kilo kumi na nne za nini?

Akajipiga kofi kwenye paji la uso.

Majani. Alikuwa amechukua mwendo wa mtu mwenye mzigo kichwani. Mtu wa mjini angetaka kwanza bibi atue mzigo ndipo apimwe. Yeye hata halikumpitia akilini, kwa sababu pale mlimani mwanamke mwenye kitu kichwani ni mwanamke anayetembea tu. Na Bibi Ndeshi kwa siku zile mbili alishuka na ndoo ya maziwa kichwani, akapanda na majani. Mkanda ulikuwa unanyanyua mgongo wa mama kuupokea mzigo ambao haupo.

Akaenda jikoni. Akapima mahindi kilo kumi na nne kwenye gunia, akasokota kanga ikawa ngata.

"Mama, inama kidogo."

"Ninaumwa mguu, unanitwisha gunia! Nani kakulea wewe?"

"Wewe."

Mama akatulia, akatwishwa. Gunia likakaa. Nakiete akawasha mkanda, akarudi nyuma mikono mbele, tayari kumdaka.

Hatua moja. Mgongo ukanyooka, taratibu, kama jani la mgomba linalofunguka. Mbili. Tatu. Mama akatoka mlangoni, akashuka uani pale kwenye mteremko, akageuka bila kushika kitu, akapanda tena. Akasimama katikati ya uwanja na gunia lake.

"Nakiete."

"Bee, mama."

"Mguu wangu uko wapi? Siusikii."

"Upo hapo, mama."

"Hauumi." Akapiga hatua nyingine, kwa woga, kama mtu anayeonja chai ya moto. "Hauumi kabisa. Mwanangu, hauumi!"

Machozi yakaanza kumtoka, na kwa kuwa hakuweza kuinamisha kichwa, yakamwagika hivyo hivyo, wazi, mpaka kidevuni. Akaendelea kutembea. Alizunguka nyumba mara saba akilia na kucheka, gunia la mahindi kichwani.

Alikuwa kwenye raundi ya saba waliposikia kelele huko juu.

*

"Fungua wewe shetani wa mbao! Ni mimi! Ni mimi Ndeshi!"

"Ndeshi yuko mahali pengine," mlango wake ulikuwa unasema. "Tafadhali ondoka."

Nakiete alisogea mpaka kwenye ua wa michaichai, akachungulia. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Bibi Ndeshi amesimama nje ya nyumba yake, mzigo wa majani bado kichwani, maji yanachuruzika. Mlango wa banda la ng'ombe nao ulikuwa umefungwa, na ndani ng'ombe analia, kiwele kimejaa, muda wa kukamuliwa umepita. Daftari halikubali mtu mmoja awe mahali pawili. Lilimwona Ndeshi anazunguka nyumba ya fundi cherehani, na huyu hapa mlangoni likamwita mwizi.

Ingekuwa rahisi. Kuuzima mkanda, kuufuta mwendo, na baada ya saa moja milango ingemkumbuka mwenyewe. Bibi Ndeshi angesema mashine zimeharibika, angeingia, angekamua. Hakuna ambaye angejua. Na mama angerudi kwenye soksi ya chumvi, akisubiri gari la Nyumba ya Matunzo. Au Nakiete asifute, anyamaze tu, mama autumie mwendo kwa siri saa za usiku bibi akiwa amelala. Hilo nalo lilimjia akilini, akashangaa limekuja na njia yake yote likiwa tayari.

Ng'ombe akalia tena.

Nakiete akapanda.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu, mlango umerukwa na akili."

"Sio mlango, Bibi. Ni mimi." Sauti ilitoka kama uzi. "Nilishona kisomeo kwenye sketi. Nimechukua mwendo wako. Mama ndiye anautembea."

Bibi Ndeshi alimtazama. Hakutukana, hakutania. Alitua mzigo wake chini polepole, akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Ungeniomba," alisema mwisho.

"Niliogopa."

"Uliogopa kuniomba. Kuniibia hukuogopa?"

Nakiete alilia akiwa amesimama wima, mikono nyuma, kama mstarini shuleni.

"Nipeleke nikaone," bibi akasema.

Walishuka. Mama alikuwa bado uani, hajui lolote, anapanda mteremko na gunia. Bibi Ndeshi akasimama kwenye michaichai, akatazama. Akaona bega lake la kulia linatangulia. Akaona nyonga yake, kisigino chake, ule mkono wa kushoto ambao tangu usichana aliutupa nje kidogo kama anafukuza inzi. Vyote kwa mtu mwingine.

Kikaanza kicheko, kwa chini, halafu kikampanda mpaka akakaa kwenye jiwe.

"Yesu wangu! Mpare kaniibia makalio! Jamani! Walishaiba mbuzi, wakaiba mipaka ya mashamba, sasa wamefika kwenye makalio!"

Mama akageuka. Nakiete akamweleza yote kwa pumzi moja, na uso wa mama ukabadilika. Akatua gunia, akazima mkanda mwenyewe. Maumivu yakamrudia palepale, akashika ukuta.

"Mtani," alisema, "sikujua. Naapa. Mtoto huyu nitamchapa, na mwendo wako chukua."

"Nichukue nimpe nani? Mguu wako umesema hauumi?"

"Ulikuwa hauumi."

"Basi." Bibi Ndeshi akasimama, akajikung'uta. "Faini. Kila siku utakayotembea na mwendo wangu, utatembea na majani ya ng'ombe wangu. Gunia la mahindi la kazi gani? Unazunguka nyumba kama punda wa kusaga! Na wewe, binti," akamgeukia Nakiete, "mwendo ni mmoja, sisi wawili. Tugawie."

Wakagawana kama maji ya mfereji. Asubuhi mpaka saa sita mwendo ulikuwa wa mama, na Bibi Ndeshi alikaa kwenye kigoda cha cherehani, maana akinyanyuka tu milango inachanganyikiwa. Mchana ulikuwa wake, na mama analala ubavu, mto magotini. Siku ya kwanza Bibi Ndeshi alilalamika kwamba hajawahi kukaa kitako muda mrefu hivyo tangu azaliwe. Siku ya pili akalalamika kwamba kigoda kinamuumiza kiuno.

"Ndiyo ujue!" mama akamwambia.

Wateja walikuja wakamkuta mwanamke asiyekuwa na hata mbuzi anapanda mlima na mzigo wa majani, na mfugaji amekaa kwenye cherehani anashona vifungo vibaya. Ng'ombe akanenepa. Na Nakiete kila asubuhi alitoa majani kidogo kwenye mzigo, kiganja kimoja, na kwenye mkanda akapunguza nguvu kidogo, kiasi kilekile. Hakuna aliyemfundisha hilo. Aliona tu kwamba mgongo ukizoea kubebwa utadai kubebwa, kwa hiyo akaupunguzia bila kuuambia. Kilo kumi na nne. Kumi na mbili. Tisa. Nne. Soksi ya chumvi jioni hawakuiacha.

*

Siku ya themanini na nne ikaja barua nyingine. Mkaguzi wa Daftari atafika siku ya tisini, saa nne asubuhi, na jamvi la kupimia.

Bila mkanda, bila majani, mama aliweza hatua sita. Ya saba mguu ulitetemeka.

"Mwacheni avae mkanda," Bibi Ndeshi akasema. Walikuwa wanakunywa chai uani, watatu. "Jamvi litamwita Ndeshi. Sawa, awe Ndeshi. Mimi nitaenda Machame kwa mdogo wangu, nitakaa huko kimya. Mzee kama mimi milango ya nini? Nitaingia dirishani."

Alisema kama utani, lakini hakucheka, na wote wakajua anamaanisha.

Mama aliangalia kikombe. Nakiete aliangalia mama. Lilikuwa jambo tamu. Mama angebaki nyumbani, bila maumivu, kesho na keshokutwa na mwaka ujao. Bibi ametoa mwenyewe, hajaibiwa. Kwa nini basi Nakiete aliisukuma chai yake kando?

Kwa sababu siku mlango ulipomkataa mama, alimwona akipungua. Kila "hutambuliki" ilimtoa kitu, kama msumeno. Na sasa kitu hichohicho kingempata huyu bibi, huko Machame, nyuma ya dirisha la mtu, na wao wangekiita zawadi.

"Hapana," alisema.

Wote wawili wakageuka. Nakiete hakuwa mtu wa kusema hapana.

"Hapana, Bibi. Asante. Mama atatembea na wa kwake."

"Wa kwake haupo!" bibi akasema. "Ule wa zamani umekufa, huo mpya Daftari haliujui."

Mama akaweka kikombe chini. Macho yake yalikuwa yameanza kung'aa kwa namna ambayo Nakiete aliijua tangu mama alipokuwa na kesi ya mpaka wa shamba.

"Nakiete, sheria ya Daftari unaweza kuipata yote?"

"Ina kurasa mia tatu, mama."

"Soma. Kwa sauti. Toka mwanzo."

"Haya sasa," Bibi Ndeshi akaguna, "Mpare kanusa kesi. Hatulali."

Walisoma siku tatu, kati ya majani na vifungo. Kifungu cha wazee hakikufaa. Cha ajali kilitaka hospitali ya mkoa. Kwenye ukurasa wa mia mbili na kumi Nakiete alianza kusoma kifungu cha watoto, akataka kukiruka.

"Usiruke," mama akasema.

Alikisoma. Akakisoma tena. Halafu wakaangaliana, na mama akapiga paja, lile la kushoto, kwa nguvu, bila kukumbuka kwamba linauma.

*

Mkaguzi alikuwa kijana mpole, Bwana Mwakitalu, mwenye viatu vyembamba vya mjini vilivyojaa tope. Alishikana nao mikono wote, akakunjua jamvi lake jeusi uani, akawasha kibao chake cha kuhesabia hatua.

"Mama, pole sana kwa kuumwa. Utembee tu. Likikutambua, mimi naenda zangu."

"Halitanitambua," mama akasema. "Nataka fomu ya Hatua za Kwanza."

Bwana Mwakitalu akatabasamu. "Hiyo ni ya watoto, mama. Wanaoanza kutembea."

"Nakiete, msomee."

Nakiete alisimama. Watu walikuwa wamejaa kwenye michaichai, majirani, wateja, hata mwalimu wake wa fizikia. Akasoma.

"'Mtu yeyote atembeaye kwa mwendo usiokuwamo kwenye Daftari ataandikwa upya, akipiga hatua kumi au zaidi bila kushikwa wala kusaidiwa na chombo, mbele ya shahidi mmoja, mtu mzima asiye wa ukoo wake. Hesabu itafungwa pale mtu huyo atakaposimama mwenyewe.'" Akamwonyesha mstari. "Imeandikwa mtu yeyote, kaka. Umri hawakuandika."

Kijana akaichukua karatasi. Akaisoma akisogeza midomo. Akaisoma tena. Akajikuna shingo.

"Na shahidi?"

"Mimi!" Bibi Ndeshi akajitokeza. "Ndeshi, Mchaga. Sina undugu na watu hawa, Mungu aepushe!"

Watu wakacheka. Bwana Mwakitalu naye akacheka kidogo, akabonyeza kibao. "Haya. Mama, vua mkanda."

Mama akauvua, akampa Nakiete. Kichwani hana kitu. Akasimama mwisho wa jamvi, peku, na Nakiete akauona mguu wa kushoto unavyotetemeka kabla hata ya kuanza. Hatua sita ndizo alizoweza wiki iliyopita. Jana nane. Kumi hajawahi.

Moja, kibao kikasema. Mbili. Tatu.

Mgongo ulikuwa umenyooka, lakini si kama wa Bibi Ndeshi. Nne. Kichwa kililala kidogo upande, kama anasikiliza cherehani. Tano. Sita. Mkono haukufukuza inzi, ulishika upindo wa gauni, kama fundi anayekagua kitambaa.

Saba. Mguu ukakatika kidogo gotini. Watu wakavuta pumzi. Nakiete akaruka mbele, akajizuia mwenyewe, akashika mkanda kwa mikono miwili. Akimgusa tu, basi.

Mama akafumba macho. Akapumua. Akakaza tumbo kama mtu anayepokea mzigo, na akauweka mguu chini.

Nane. Tisa.

Kumi.

Uwanja ukalipuka. Kuna aliyetupa kofia. Bwana Mwakitalu akanyanyua kidole. "Hongera, mama! Umeshaandikwa. Simama sasa, nifunge hesabu."

Kumi na moja, kibao kikasema.

"Mama, simama."

Kumi na mbili. Kumi na tatu. Mama alikuwa ameshatoka kwenye jamvi, anapita katikati ya watu, wanampisha. Macho amefumbua, anaangalia njia.

"Mama! Kibao hakifungi mpaka usimame!"

"Sheria inasema nisimame mwenyewe, mwanangu," akajibu bila kugeuka. "Bado sijataka."

Akaishika njia ya kushukia kwenye duka la ushirika. Thelathini na saba. Thelathini na nane. Mkaguzi wa Daftari akaanza kumfuata mbio na kibao mkononi, viatu vinamteleza, na nyuma yake wateja, na majirani, na mwalimu wa fizikia. Mama alichechemea kidogo kwenye mteremko, akajirekebisha, akaongeza mwendo. Mia na tisa. Wauza nyanya wakasimama. Mlango wa duka la ushirika ukajifungua wenyewe, pana, akaupita bila kuutazama, akaendelea.

Bibi Ndeshi alipanda juu ya jiwe ili aone vizuri, mikono kiunoni.

"Mwangalieni!" alipiga kelele mpaka bondeni. "Mwendo mbaya huo! Umepinda kama ndizi! Wangu haufanani hivyo hata kidogo! Wa nani huo?"

Na Nakiete, mbele ya mtaa mzima, akavuta pumzi mpaka mwisho wa kifua, akapaza sauti ambayo hata yeye hakujua kuwa anayo.

"Wa mama yangu!"